Paa Moja, Milango Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Nianze kwa kuomba radhi, ingawa sijui vizuri namwomba nani. Tangu mume wangu azikwe sijaandika humu hata mstari mmoja. Maisha yangu yote ya kazi niliwaambia wanafunzi kwamba aachaye kuandika huanza kufikiri ovyo, kisha mimi mwenyewe nikaacha. Sitatoa sababu. Wanafunzi waliokuja darasani mikono mitupu walikuwa na sababu nzuri kuliko zangu, na sikuzipokea.

Nimerudi kwa kuwa jana alasiri upepo uling'oa mabati ya paa langu, na sasa nina uamuzi wa kufanya: nidai fidia ya bima, au nitengeneze kwa fedha zangu na kunyamaza? Mimi huamua vizuri nikiwa na kalamu mkononi.

Kwanza hali ilivyo. Nyumba hii aliijenga baba mkwe wangu. Alipofariki aliwaachia watoto wake wawili, mume wangu na dada yake, nao wakashindwa kupatana nani achukue sebule. Basi wakajenga ukuta. Ukuta ulipita katikati ya sebule na kulikata hata dirisha kubwa la mbele, kila upande ukabaki na kioo kimoja. Tangu hapo tuna nyumba mbili chini ya paa moja. Kushoto ninakaa mimi. Kulia anakaa wifi yangu, muuguzi mkuu mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Jemadari. Mume wangu ametangulia, ukuta umebaki. Mimi na Jemadari husalimiana langoni kwa adabu zote, na mazungumzo yetu huishia langoni.

Liko jambo moja la kuongeza. Fundi wa umeme wa wakati ule aliisahau swichi moja upande wangu, hivyo taa ya barazani kwa Jemadari huwashwa sebuleni kwangu. Jioni naiwasha, asubuhi naizima. Hatujawahi kulizungumza.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Beseni moja chumbani, ndoo moja ukumbini.

Alhamisi, 6 Machi

Wakala wa bima amekuja, viatu vyake vikiwa safi kuliko matope yanavyoruhusu. Hati ya bima ilikatwa na baba mkwe kwa nyumba nzima, na sasa ina majina mawili, langu na la Jemadari. Kila mwaka kijana huyu hugonga kwangu kwanza, kisha kwake, akikusanya nusu kwa nusu. Amenieleza mambo matatu. Sehemu ya mwanzo ya hasara yoyote tunaibeba wenyewe. Tukidai, tunapoteza punguzo tulilojijengea kwa miaka mingi ya kutodai. Na fomu haina maana bila sahihi zote mbili. Taarifa ya tukio ameshaiandika. Dai lenyewe lina muda hadi mwisho wa Mei.

Nimemuuliza kama sahihi ya pili ataichukua yeye. Amesema, kwa heshima kubwa, kwamba kwa Jemadari anaogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda mwenyewe. Nilimkuta akimwagilia maua yake mvua ikiwa imekatika kwa muda wa saa moja tu, kwa sababu ratiba yake inasema Jumamosi ni siku ya kumwagilia. Upande wake bati moja tu limelegea. Nikamweleza jambo kwa ukamilifu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo sikulitarajia.

"Wifi," akasema, "mkadiriaji wa hasara akija ataingia ndani. Akiingia ataona ukuta. Kwenye hati hii ni nyumba moja. Unataka tuitwe waongo uzeeni?"

Akaendelea kumwagilia. Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira, na hasira ilizidi kila nilipotafuta kosa katika hoja yake na kulikosa.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu mkubwa alikuja na mkewe. Ni mhasibu, na hata kwenye chai hutafuta jumla. Amesema nyumba imenizidi nguvu. Chumba kipo kwake, kina dirisha la kutazama bustani. Tudai bima, tuweke paa jipya, tuuze nusu yangu ingali na sura. Nikamwambia kwamba mimi nami ningali na sura. Mkewe akacheka, yeye hakucheka.

Jumatano, 12 Machi

Fundi wa paa amepanda. Wanamwita Popo, kwa kuwa akiwa darini huning'inia badala ya kukaa. Ana domo refu na hupima kila kitu kwa macho, tena hukosea, lakini leo macho yake yameona sawasawa. Alipenyeza kichwa kwenye tundu la dari akauliza nani aliyemkatia kenchi zake. Kenchi ni zile pembetatu za mbao zinazobeba bati. Nikamwambia hazikuwa zake, zilikuwa za baba mkwe wangu. Akasema basi marehemu ana kesi ya kujibu.

Nikapanda ngazi mwenyewe, yeye akiishika chini na kuomba dua kwa sauti. Nikaona. Ukuta haukuishia kwenye dari kama kuta za watu wenye akili. Umepanda hadi kugusa bati, na ili upite, mbao za chini za kenchi mbili zilikatwa msumeno. Hapo nikakumbuka. Mume wangu na dada yake walimwambia mwashi kila mmoja kwa wakati wake, pasipo mwenziwe kujua, kwamba ukuta upandishwe mpaka mwisho, asije akasikia hata kikohozi cha upande wa pili. Katika ugomvi ule hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana, nalo ndilo lililokata paa miguu. Upepo uliling'oa kwa urahisi kwa sababu hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Mwanangu ameongea na Popo bila mimi kuwapo. Wamekuja na mpango. Popo alegeze mabati mengine machache kabla ya mkadiriaji kufika, ili hasara ionekane kubwa na bima itoe paa zima. Kabati langu la nguo lisogezwe lifunike ukuta pale ulipo wazi zaidi. Mkadiriaji nimpokee nje, nimpe kiti na soda, nimweleze habari za upepo mpaka achoke.

Niliwasikiliza wote wawili. Kisha nikamwambia mwanangu kwamba nimetia sifuri kwenye karatasi za watoto wa wakubwa na za watoto wa maskini, kwa kosa hilo hilo, na siko tayari kuanza kunakili sasa. Popo akavaa kofia akaondoka kimyakimya. Huko ndiko kuwa na busara. Mwanangu akasema, "Basi usidai, Mama. Ila na nyumba nayo usinililie."

 Usemi ule umelala nami.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Turubai alilofunga Popo linapiga bati kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

Jumamosi, 29 Machi

Dari la chumba cha kulala limeanguka. Nilikuwa jikoni, sikuumia. Godoro limelowa, na picha ya harusi imelowa. Nimeianika jikoni juu ya kamba ya nguo, mume wangu kichwa chini, na kwa mara ya kwanza tangu afariki nimemsema kwa sauti: ukuta wako huu.

Jumatatu, 31 Machi

Niandike kwa utaratibu, maana leo ni siku ya kuandikwa kwa utaratibu.

Saa tisa alasiri mwanangu alifika na mtu nisiyemjua. Mtu huyo alinipa shikamoo nzuri, kisha akatoa futi ya chuma mfukoni akaanza kupima sebule yangu. Nikamuuliza anapima nini. Akasema anapima tu, Mama. Mwanangu akanivuta kando, akakiri kwamba huyo ni dalali wa nyumba. Akasema hanilazimishi, nyumba ni yangu, lakini hawezi kulala akijua nalala chini ya dari linaloanguka. Sauti yake ilikatika kidogo hapo. Nilimwona yule mtoto wangu aliyekuwa akiogopa radi, nikatambua kwamba hatafuti fedha. Anaogopa. Akasema, "Mama, mvua hizi zikiisha paa likiwa hivi, utakuja kwangu. Niahidi."

Nikaahidi. Ndiyo, nimeandika: nikaahidi. Mvua zikiisha paa likiwa bovu, nitaihama nyumba hii. Mimi sivunji ahadi.

Walipoondoka nilikaa nikakitazama kile kioo kimoja cha dirisha. Nikafanya hesabu upya. Fedha zangu pekee hazitoshi. Bima haipatikani bila sahihi ya Jemadari, naye kwa ukaidi wake ananihamisha kwenye nyumba niliyoingia nikiwa bibi harusi. Giza likaingia. Nikaitazama ile swichi. Nikaiacha.

Ni mara ya kwanza. Hata usiku wa mazishi niliiwasha.

Haukupita muda nikasikia lango, kisha mlango wangu ukagongwa kwa ngumi. Nikafungua. Jemadari alikuwa amesimama pale na tochi mkononi, mkoba wake wa zamani wa kazi begani, na mashine ya kupimia presha imening'inia shingoni. Alipumua kama aliyepanda ghorofa, na kutoka mlango wake hadi wangu hakuna hata ngazi moja.

"Nilidhani umekufa," akasema.

Nikamwambia sijafa.

"Taa haikuwaka."

"Sikuiwasha."

"Kwa nini?"

"Nilikasirika."

Akanimulika usoni, kama anayetafuta dalili. Kisha akashusha tochi.

"Sawa. Kesho kasirika, lakini washa. Mimi kila jioni hukaa pale nikingoja iwake. Ikiwaka najua wifi yangu mzima, naenda kula."

 Nikamkaribisha. Hakuwa ameingia upande huu tangu matanga. Alinipima presha kwanza, kwa kuwa yeye hawezi kukaa kwenye kiti bila kumpima mtu, akasema ipo juu na nipunguze ukali. Kisha akaingia chumbani, akaliona dari sakafuni, akaona kaka yake ananing'inia jikoni kichwa chini. Nikamweleza habari za kenchi. Nikamweleza ahadi niliyoitoa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Na mimi nilimwambia mwashi vile vile," akasema. "Upandishe mpaka mwisho. Nikamwongezea na fedha ya soda."

Nikacheka na mimi. Tulicheka mpaka akanipima presha tena.

Alipotulia nikamwambia nilichokuwa nimeanza kukiona: hofu yake ni kuitwa mwongo, na yangu pia ni hiyo. Atakayemweleza mkadiriaji habari za ukuta kabla hajauona, ataitwaje mwongo? Aliwaza. Akakubali mkadiriaji aje, aone, na tumwambie sisi wenyewe. Fomu ya dai tutaisaini au hatutaisaini baadaye.

Nilimsindikiza. Kabla hajafika kwake niliwasha taa.

Jumatano, 9 Aprili

Mkadiriaji wa hasara ni mwanamke, mfupi, ana miwani mbili: moja ya kusomea na nyingine ya kutilia watu shaka. Tulimpokea pamoja, mimi nikiwa na hati ya bima na Jemadari akiwa na funguo za milango yote miwili. Hata mkoba hajafungua, nikamwambia kwamba nyumba iliyoandikwa ni moja, na atakazoziona ni mbili. Kwamba ukuta ulijengwa baada ya hati, na kampuni haikuarifiwa. Na kwamba ukuta huo ulikata kenchi. Akavua miwani moja, akavaa nyingine.

"Mambo haya huwa nayaona mwenyewe," akasema, "halafu ndio watu wanaanza kukumbuka."

Amepima, amepiga picha, amepanda juu. Mwisho ametupa maneno yake yakiwa yamenyooka. Mabati yaliyong'olewa na upepo ni ya bima. Kenchi zilizokatwa ni za kwetu, bima haitazigusa. Hatutanyimwa kwa ajili ya ukuta, kwa kuwa tumeusema, lakini hati haiwezi kubaki hivi. Ama tuandikiwe nyumba mbili, kila moja na bima yake na ada yake. Ama iwe nyumba moja kama ilivyoandikwa, na ukuta uondoke. Ametupa ruhusa ya kutengeneza hata sasa, maana picha anazo.

Mkadiriaji alipotoka, Jemadari akasema hiyo ni kazi ya kuwazia. Nikasema ndiyo, tuwaze. Tukaachana langoni. Nilipofika katikati ya sebule nilisikia ukuta unagongwa kutoka upande wa pili. Nikauwekea sikio. Hata baada ya kupandishwa hadi bati, bado sauti hupita. Walipoteza matofali bure.

"Umeshawaza?" akaniuliza ukutani.

"Nimeshawaza."

"Basi mwite mwashi."

Jumanne, 15 Aprili

Ukuta unaanguka. Sijawahi kuona vumbi tamu namna hii.

Jemadari anasimamia. Amemfanya Popo avae kitambaa puani na mwashi anawe mikono kabla ya chai. Matofali mwashi anayachukua kama sehemu ya malipo yake, na anayapanga kwenye mkokoteni kwa upole kana kwamba ni mayai. Mwanangu alikuja mchana akitokea kazini, nadhani alikuja kunizuia. Alisimama mlangoni akaiona sebule nzima, ile aliyochezea akiwa mtoto kabla ya ugomvi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni, akaanza kubeba matofali. Shangazi yake akamwambia abebe kwa magoti na si kwa mgongo. Akajibu, "Ndiyo, Shangazi," kama aliyekuwa na miaka saba.

Jumamosi, 19 Aprili

Kenchi mbili zimeungwa kwa mbao mpya na bolti. Popo amezisifu mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza. Mabati mapya yamewekwa pale yalipong'oka, mengine ya zamani yamegongwa misumari upya. Kila upande umetoa nusu. Dirisha sasa lina vioo viwili.

Fundi wa umeme alitaka kuihamisha ile swichi. Tumemkatalia, sote wawili, kwa wakati mmoja, akadhani amekosea jambo kubwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ndogo. Haipiti hata tone.

Jumapili, 11 Mei

Imekuja ile kubwa.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Mwanangu alikuwepo na mkewe, na redio ilikuwa imeonya tangu asubuhi. Upepo ulivunja tawi la mti wa jirani na kuchukua mabati ya duka la mkabala, yakapita mbele ya dirisha letu moja baada ya jingine.  Tulikaa sote katikati ya sebule, pale pale ulipokuwa ukuta, tukitazama juu. Jemadari alikuwa ameweka beseni tupu sakafuni, kwa tahadhari. Bati lililia, mbao zililia. Nilihesabu moyoni kila mlio nikijua kwamba mmoja unaweza kuwa wa mwisho, na kwamba kama paa litaondoka leo, ahadi yangu kwa mwanangu itadaiwa leo.

Paa halikuondoka.

Mvua ilipopungua mwanangu aliinuka, akaenda chumbani kwangu, akaligusa dari jipya kwa kiganja. Akaenda upande wa shangazi yake akagusa huko nako. Akarudi akalichukua lile beseni, akaligeuza mdomo chini tuone wote. Kavu.

"Kile chumba changu," akasema, "nitakifanya ofisi."

Mkewe akapiga makofi. Jemadari akasema huo ndio wakati wa kumpima mwanangu presha, akampima, ikawa juu. Akamwambia apunguze ukali.

Nimeshinda, na naliandika hilo kwa herufi imara. Tumeshinda. Nyumba ni moja, inakaliwa na wenyewe, na masika haya yote yanaweza kunyesha yatakavyo.

Jumanne, 27 Mei

Mvua zimekwisha. Hati mpya imeletwa: nyumba moja, sebule moja, majina mawili. Wakala sasa anagonga mlango mmoja, na viatu vyake vimepumzika.

Limebaki dai. Fomu iko mezani, imejazwa yote isipokuwa sahihi. Mimi naona tusidai. Tukitoa ile sehemu tunayoibeba wenyewe, kinachobaki kwa yale mabati machache kinakaribiana na punguzo tutakalolipoteza, na nisiloona faida yake siligusi. Jemadari anaona tudai. Anasema tumewalipa miaka yote pasipo kuwasumbua, na mtu asiyedai haki yake kidogo atasahauliwa akidai kubwa. Hoja yake ina nguvu. Yangu pia. Machi nilikuwa naogopa kudai na kuogopa kutodai. Leo ni mashindano tu, na nakiri kwamba nayafurahia. Tumebishana tangu chai ya asubuhi, katika chumba kimoja, kila mtu kwenye kiti chake, na anapokohoa namsikia vizuri.

Giza linaingia. Ananitazama juu ya miwani yake, kisha anaitazama swichi. Naweka kalamu nikawashe taa yake. Wiki hii fomu itatoka mezani, kwa posta au kwa moto wa jikoni, na tukishaamua nitaandika.